Yule wa Kulia na Kaseti Iliyoenda Kanyakine

Ninyi mnaoshika simu na kupata wimbo wowote kabla chai haijapoa, nataka niwaeleze kazi ambayo hamtaifanya kamwe, na jambo moja ndani ya kazi hiyo ambalo mpaka leo silielewi. Nimelizungusha kichwani tangu mwezi wa nne. Nimemweleza mke wangu, akasema ni uzee. Nimemweleza rafiki yangu mmoja, akacheka. Labda ninyi mtaniambia lenye maana.

Mimi ni Kirimi. Hapa Embu watu wa rika langu bado wananiita Fundi, ingawa siku hizi sitengenezi chochote isipokuwa uzio wa kuku. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti karibu na soko. Mtu alikuja na orodha ya nyimbo, au na jina la mwimbaji tu, nami nikamwekea nyimbo hizo kwenye kaseti tupu, upande wa kwanza na upande wa pili. Leo mngeniita mwizi wa nyimbo za watu, na pengine mngekuwa na haki. Wakati ule waliniita fundi.

Katika waimbaji wote niliorekodi, mmoja ndiye aliyelisha watoto wangu. Alikuwa mtu wa visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari ambayo wengi wetu hatujaiona hata kwa upande wetu huu. Aliimba mapenzi, polepole, kwa Kiingereza, ngoma ikitembea nyuma yake kama mtu asiye na haraka ya kufika. Jina lake lilikuwa gumu midomoni mwetu, kwa hivyo wateja walimwita yule wa kulia, kwa sababu sauti yake ilikuwa karibu na machozi hata alipokuwa akiimba furaha. Wiki yangu ya kwanza Embu mama mmoja aliniambia, "Nipe yule wa kulia," nami nikageuka nikamchukulia kaseti iliyokuwa upande wa kulia wa rafu. Ilikuwa ya mahubiri. Akaenda nayo. Kesho yake akarudi nayo, akaniuliza kwa upole kama mimi ni mgeni.

Sikuelewa kwa nini watu walimpenda hivyo. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao, hata walimu walikuwa wanakipata nusunusu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Siakago ambaye hakujua neno moja la lugha hiyo, na aliimba nyimbo zote tangu mwanzo hadi mwisho kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, yasiyo ya Kimbeere wala ya Kiingereza. Siku moja nikamuuliza kama anajua maana yake. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye sijasoma. "Maana ya nini? Husikii mtu anaumia?"

Kazi nilifundishwa Meru mjini na Bwana Hamisi, Muislamu ambaye babu yake alikuja Meru kwa biashara na hakurudi tena pwani. Alikuwa na duka la redio. Yeye mwenyewe hakusikiliza nyimbo za mapenzi. Alizirekodi akiwa amepunguza sauti mpaka mwisho, akitazama tu zile sindano ndogo za mashine zikicheza. "Sindano ikilala, wimbo umeisha," aliniambia. "Mimi nahitaji kujua hilo tu."

Lakini alikuwa fundi hasa. Alinifundisha kwamba kaseti mpya unaizungusha mbele mpaka mwisho kisha unairudisha, kabla hujarekodi chochote, ili utepe ulegee usije ukakwama. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kila asubuhi kwa pamba na spiriti, kwa sababu uchafu mdogo usiouona kwa macho utausikia kwenye wimbo kama mtu anayeimba akiwa ndani ya gunia. Alinifundisha kupanga nyimbo kwa dakika ili upande usiishe mwimbaji akiwa katikati ya neno. Ukimaliza, vunja vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma ya kaseti ili asiye na akili asirekodi juu ya kazi yako. Na la mwisho alilirudia mpaka nikachoka.

"Kirimi, andika jina kwanza. Kaseti isiyo na jina usiiache peke yake hata ukienda kunywa maji. Zote zina sura moja."

Nilikuwa kijana, na vijana mnajijua. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilitaka uonekane. Kwa hivyo nilipofungua kibanda changu Embu niliandika majina mwishoni, nikiwa nimekaa, kwa kalamu mbili, nyekundu na buluu, kaseti zote za siku kwa pamoja. Bwana Hamisi alikuwa Meru, hangeniona.

Siku ninayotaka kuwaeleza walikuja wateja wawili.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Ireri wa shule moja ya msingi kule Siakago. Alikuwa anampenda msichana aitwaye Wanjira, karani katika ofisi ya serikali hapa mjini, na alikuwa hajapata namna ya kumwambia. Alitaka dakika tisini za yule wa kulia, pande zote mbili, bila mwimbaji mwingine kuchanganywa humo. "Nyimbo zitasema zenyewe," alisema. "Mimi nikifungua mdomo nitaharibu."

Wa pili alikuwa mzee wa kanisa kutoka Kanyakine, huko kwetu Imenti Kusini. Alinitajia jina lake, M'Mugambi. Alikuwa amekuja Embu kwa mkutano wa kanisa. Alivaa koti zito na alishika kofia mkononi, akasimama kando ya kibanda mpaka wateja wengine wakaondoka, kisha akasema anataka kaseti ya kwaya.

"Kwaya gani, mzee?"

"Yoyote nzuri. Ni ya mke wangu." Alikuwa anatazama barabarani. "Iwe ya kumtuliza."

Nikamwambia arudi saa tisa. Mwalimu naye nilimwambia saa tisa. Nilikuwa na mashine mbili, nikaziwasha zote, kwaya huku, mapenzi kule. Kabla ya saa sita stima ikapotea, umeme ukakatika soko zima.

Stima ikipotea mashine ikiwa inarekodi, utepe hausimami mara moja. Unapunguza mwendo. Ukija kuisikiliza kaseti hiyo baadaye, sauti inazama, inakuwa nzito kama ng'ombe anayelia mbali, halafu kimya. Fundi mwaminifu hurudisha kaseti nyuma akaanza upya. Mimi stima iliporudi niliona saa imekwenda, nikabonyeza vitufe nikaendelea kwa kukisia. Wimbo ukaingia tena ukiwa umeruka maneno kadhaa. Zilipoisha nikazitoa kaseti zote mbili nikaziweka juu ya meza, kisha nikaenda kumhudumia mtu aliyetaka betri za tochi. Tukaongea kidogo habari za mvua. Niliporudi mezani nilikuta kaseti mbili zenye sura moja.

Ningeweza kuzisikiliza. Ni sekunde tano. Lakini nilikuwa na hakika kwamba ya kushoto ndiyo ya kwaya, nikakaa na kalamu zangu. Kwenye ile ya kushoto niliandika kwa buluu, kwa herufi za kupendeza, *Kwaya: Nyimbo za Kutuliza Moyo*, nikapiga mstari mwekundu chini yake. Mzee aliichukua akaitia mfukoni mwa koti. Mwalimu akaichukua yake, akaifunga kwa karatasi ya zawadi papo hapo.

Wiki mbili baadaye Mwalimu Ireri akasimama mbele ya kibanda changu.

"Fundi, ulinifanyia nini?"

"Kumekuwa na shida, Mwalimu?"

"Nilimpelekea Wanjira kaseti. Ameniandikia barua. Anasema hakujua mimi ni mtu ninayemcha Mungu kiasi hicho. Anasema wanaume wengine wa hapa humletea nyimbo za ujinga. Akamaliza kwamba ataningojea kanisani Jumapili."

Nikashika kaseti tupu. "Pole sana, Mwalimu. Nitakurekodia nyingine sasa hivi, yule wa kulia mtupu."

"Usijaribu," alisema. "Jumapili nilienda. Ameniwekea nafasi kwenye kwaya, upande wa sauti ya pili."

Walioana, na wajukuu wao wanasoma hapa mjini. Kwa upande huo kosa langu lilizaa matunda, na sijui kama nijisifu au nijilaumu. Lakini siku ile, Mwalimu alipoondoka, nilijua kaseti nyingine ilienda wapi. Mzee wa kanisa alikuwa amesafiri mpaka Kanyakine akiwa na dakika tisini za mapenzi mfukoni, ili amtulize mke wake.

Nilimngoja. Kila nilipoona kofia na koti zito sokoni nilijiandaa kuomba radhi. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, hakuja. Na mimi sikwenda. Nawaambia hili kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi ya kosa lenyewe. Nyumbani kwa mama yangu si mbali na Kanyakine. Nimepita pale mara nyingi nikienda kumwona, na kila mara nilijiambia kwamba mtu aliyekasirika angekuwa ameshakuja. Kisha ningetazama upande wa pili mpaka tupite maduka.

Kazi ikabadilika. Kaseti zikafa, zikaja sidii, tukaanza kuchoma nyimbo kwa kompyuta. Sidii nazo zikafa, watu wakaja na fleshi, halafu na memori kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, ambazo mimi kwa macho yangu haya nilizipoteza nyingi sakafuni. Kila mashine ilipobadilika niliamini kwamba yule wa kulia ataachwa nyuma pamoja na ile ya zamani. Na kila mara mteja wa kwanza alinitaka nimwekee yeye. Sikumtangaza. Sikubandika picha yake. Alihama nami tu, kama paka.

Siku habari ilipokuja kwamba amefariki huko kwao, nilikuwa nimeshafunga kibanda. Redio zilipiga nyimbo zake kutwa nzima, za Kiswahili, za Kimeru, za Kiembu. Nilipita kwa msusi kumchukua mke wangu, nikamkuta msichana anayesuka machozi yanamtoka, mikono haisimami. Nikamuuliza ana miaka mingapi. Alikuwa hajazaliwa nilipokuwa namrekodi mtu huyo.

"Sasa wewe unamlilia nini?"

"Baba alikuwa akipiga nyimbo zake kwenye lori tukienda mjini Maua," akasema. "Baba mwenyewe simlilii hivi."

Mke wangu alinipa jicho la kuninyamazisha.

Sasa tuje mwezi wa nne mwaka huu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwanamke wa makamo akaja nyumbani kwangu, amevaa sare ya unesi chini ya koti la mvua. Alijitambulisha kuwa anaitwa Kathure, anafanya kazi hospitalini hapa Embu. Alikuwa ametafuta mtu wa kutengeneza kaseti mji mzima, mpaka mzee mmoja anayeshona viatu akamwelekeza kwangu.

"Baba yetu amefariki," alisema. "Tunazika Ijumaa, nyumbani Kanyakine. Mama anataka kaseti hii ipigwe siku hiyo, na imekwama. Tumemwambia wimbo upo kwa simu. Hataki. Anasema ule wa simu si wenyewe."

Akafungua mfuko wa plastiki akanipa kaseti. Buluu ilikuwa imefifia ikawa karibu kijivu, lakini mstari mwekundu ulikuwa bado pale. *Kwaya: Nyimbo za Kutuliza Moyo*. Mwandiko wangu mwenyewe, ukijionyesha.

Niliketi. Kathure alidhani naumwa mgongo, akanishika mkono kama wanavyofanya manesi.

"Wewe ni binti wa M'Mugambi," nikasema.

"Ii. Ulimjua baba?"

"Alikuwa mteja wangu. Mara moja."

Nikamwomba aniachie mpaka kesho, kisha nikaifungua mezani. Ndani ya kaseti, pale utepe unapogusa kichwa cha mashine, kuna kipande kidogo cha sifongo kinachousukuma. Gundi yake hukauka, kikaanguka, na hapo kaseti haisemi tena. Wengi hutupa wakidhani utepe umekufa. Nilitoa sifongo kwenye kaseti nyingine ya zamani nikaigandisha kwa tone moja la gundi, sehemu ya utepe iliyojikunja nikaipitisha polepole juu ya kikombe cha chai ya moto, upande usio na wimbo, mpaka ikanyooka. Kathure aliporudi tukaiweka kwenye mashine yangu ya mwisho iliyobaki.

Yule wa kulia akaanza. Katika wimbo wa tatu sauti ikazama, ikawa nzito, ikafa. Kimya. Halafu akarudi akiwa ameruka maneno. Nilitaka kujificha chini ya meza.

Kathure alikuwa anatabasamu huku anafuta macho. "Hapo ndipo mama anaposema wa simu si wenyewe. Sisi tulikua tukiuimba hivyo. Tukifika pale tunashusha sauti sote, tunanyamaza, tunaanza. Nilipousikia kwa redio mara ya kwanza, nikiwa shule ya upili, niliwaambia wenzangu kwamba redio imeuharibu."

"Baba yako alikuwa akiusikiliza?"

"Baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Redio kwake ilikuwa ya habari na matangazo ya vifo. Lakini hii ilipopigwa hakuondoka chumbani." Akafikiri kidogo. "Mama anasema hiyo ndiyo zawadi pekee ya namna hiyo aliyowahi kumletea. Anaitunza kwenye kabati la nguo."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Mngesema nini ninyi? Hiyo zawadi sikuichagua mimi, na baba yake hakuichagua. Ilichaguliwa na Mwalimu Ireri kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Nilimwambia tu kwamba utepe ni mchovu, si busara kuwapa watu wa spika waushughulikie, nitakuja mwenyewe na mashine.

Ijumaa nilifika Kanyakine mapema. Mahema yalikuwa yamesimamishwa kati ya migomba, na watu walikuwa wanamwaga maganda ya kahawa njiani ili tope lisishike viatu. Nilimkuta mwenye spika tukaunganisha mashine yangu kwa waya. Mchungaji akaja kuangalia. Alikuwa kijana, mpole, wa umri wa kuwa mwanangu.

"Mzee, hiyo ni ya nini?"

"Ni kaseti ya marehemu. Mama Kathure ameomba ipigwe jeneza likitolewa nyumbani."

"Tulikubaliana ziwe nyimbo za kanisa tu. Marehemu alikuwa mzee wetu." Akainama akasoma. "Kwaya. Nyimbo za kutuliza moyo. Basi hiyo ni sawa."

Akaenda zake. Sikumdanganya, ila sikumwambia kitu; nikaendelea kukaza waya.

Jeneza likatoka. Kathure akaniashiria. Nikabonyeza.

Watu walioketi chini ya mahema walidhani ni kosa. Niliona akina mama wa kwaya wakitazamana. Mzee mmoja wa kanisa akageuka kunitafuta kwa macho. Mchungaji alisimama na Biblia kifuani, akaangalia spika, akaniangalia mimi, nami nikaangalia chini. Nilingoja asimamishe. Hakusimamisha. Nilipoinua macho midomo yake ilikuwa inafuata maneno, bila sauti. Kule kwenye uzio waendesha pikipiki walikuwa wamevua kofia zao za chuma, wanaimba wimbo ule chinichini. Bibi mmoja wa miaka themanini karibu nami, asiyejua Kiswahili sembuse Kiingereza, alikuwa anatikisa kichwa polepole mahali hasa pa kutikisa.

Ulipofika wimbo wa tatu, pale pabovu, watoto na wajukuu wote wa M'Mugambi waliobeba na waliofuata jeneza walishusha sauti zao pamoja na mashine, mpaka chini kabisa. Wakanyamaza. Kanyakine yote ikanyamaza, ukasikia mvua kwenye turubai. Halafu wakaanza tena, wote kwa mara moja, mahali ambapo wimbo huo haukuwahi kuanzia popote duniani isipokuwa kwenye kibanda changu.

Baadaye, watu wakila, Mchungaji alikuja akaketi kando yangu na sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe.

"Mzee, hiyo si kwaya."

"La, Mchungaji. Naomba radhi."

Akala kidogo. "Tuliingia nao kanisani siku ya harusi yangu. Lakini wetu haukuwa na hilo shimo." Kisha akauliza kama naweza kumpatia ule wenye shimo. Sikujua kama anatania. Uso wake haukuwa wa kutania.

Watu walipopungua, Kathure akaja kuniita. Mama yake alikuwa ameketi ndani kwenye kiti cha mbao, shali mabegani, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu. Alinisalimia kwa Kimeru, akauliza mimi ni wa ukoo gani, akanionyesha kiti. Kathure akatuletea chai akatuacha.

Nilikuwa nimeamua. Mimi si jasiri, mmeshaona, lakini nilishindwa kunywa chai ya mama yule nikiwa na jambo hilo tumboni.

"Mama, kaseti ile ni mimi niliyeirekodi."

"Najua. Kathure aliniambia."

"Mzee hakuagiza nyimbo hizo. Aliagiza kwaya. Ni mimi niliyechanganya. Nimekuwa nikitaka kuomba radhi miaka yote hii."

Nilitazamia alie, au anifukuze. Alipuliza chai yake.

"Hilo pia najua," akasema. "Aliileta akaiweka mezani. Kesho yake asubuhi nikaitia kwenye redio nikichuja maziwa. Tukasikiliza upande wa kwanza mpaka ukaisha. Akasema, 'Hii si yenyewe. Yule mtu wa Embu amekosea.' Nikamwambia airudishe. Akasema ataipeleka mkutano ujao."

"Hakuja, mama."

"Alikuja. Niliifunga kwenye gazeti nikaitia kwenye koti lake. Akarudi nayo. Nikamuuliza kama hakuliona duka, akasema ameliona. Nikamuuliza kama lilikuwa limefungwa. Akasema lilikuwa wazi, na wewe ulikuwa ndani umekaa unaandika." Akaweka kikombe chini. "Mkutano mwingine nikaifunga tena. Akarudi nayo tena. Basi sikuifunga tena."

Nilijaribu kukumbuka. Kofia, koti zito, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara na kitu mfukoni. Sikuona chochote kichwani. Nilikuwa nikitafuta mwandiko mzuri.

"Kwa nini hakuirudisha?" nikauliza.

Akavuta shali yake mabegani. Alisema, "Mwaka ule tulikuwa tumezika mtoto, mdogo wake Kathure. Mtoto alizidiwa, mzee akiwa Embu kwa mkutano. Walipomfikishia habari akaja, akachimba kaburi, tukazika, akaenda kuangalia ng'ombe. Hakusema neno juu ya mtoto. Si siku ile, wala baadaye mpaka alipokufa. Aliporudi kutoka mkutano uliofuata ndipo alipoleta hiyo kaseti."

Nje walikuwa wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

"Huyo mtu," akasema baadaye, "anasema nini? Sikusoma. Watoto nikiwauliza wanacheka, wanasema ni mambo ya vijana."

Niliyajua maneno yote kwa kichwa, nilikuwa nimeyasikia mara mamia, na sikuwahi kuyasema kwa Kimeru. Nilianza na wimbo wa tatu kwa sababu niliona ndio anaoutaka. Nikamwambia polepole, mstari kwa mstari, kwamba ni mwanamume anayemwambia mwanamke njia ilikuwa ndefu, lakini sasa amefika, na kwamba hata asipojua aseme nini, yupo hapa na haondoki tena. Nilipofika pale pabovu nikamwekea na yale maneno ambayo stima iliyala.

Alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka nikamaliza.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Mimi miaka yote nilidhani anaomba msamaha."

Nikayapitia tena maneno kichwani tangu mwanzo, neno moja baada ya jingine, na sikuweza kumwambia kwamba amekosea.